Kifundisheni Kungoja

Siku waliyomzika Maalim Hatibu, mkewe alikuwa wodini, na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyowaambia wasimngoje.

Bi Siwatu Shekuwe alikuwa na miaka sitini na tatu. Tanga nzima ilimjua kwa lakabu ya Chiriku wa Chumbageni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, iwe kwenye majibizano ya mashairi redioni au mbele ya muuza samaki. Alikuwa amechapisha diwani nne. Kisha asubuhi moja, akimpigia mumewe kanzu pasi, damu iliganda katika mshipa wa ubongo upande wa kushoto, akaanguka. Alipozinduka alielewa kila alichoambiwa, lakini maneno yake yalikuwa yametawanyika. Akitaka maji, ulimi ulileta "kumi na nne". Akitaka kumwita Hadiya, mdogo wake, ulimi ulileta dua ya kulala.

Wiki ya pili wakamvalisha mneni.

Alikuwa mashine, ila watu walimtaja kama mtu. Sehemu yake moja ilikuwa wavu mwembamba uliolazwa chini ya ngozi ya kichwa, na ya pili kidani kidogo cha shaba kilichokaa shingoni na kutoa sauti. Wavu ulisikia neno likianza kuchipuka kichwani, kidani kikalimalizia. Kwa Bi Siwatu walimlisha diwani zote nne na miaka thelathini ya kanda za redio, kwa hiyo alisema kwa sauti yake ya zamani, na kwa ufasaha wake wa zamani. Hadiya alipoisikia mara ya kwanza alilia. Maalim Hatibu alicheka tu, akasema, "Basi raha yangu ya kusikilizwa imekwisha tena."

Maalim hakukosa hata siku moja kuja wodini. Wiki ya tano moyo wake ukasimama alfajiri, bila kuugua.

Mdogo wake Maalim, Mwinjuma, ndiye aliyepiga simu ya video. Hadiya alimshikia dada yake ile simu usoni.

"Shemeji," Mwinjuma alisema, macho yamemvimba, "Hatibu katutoka. Wanasema wewe watakuruhusu kesho asubuhi. Tukungoje, au tumstiri leo baada ya Adhuhuri?"

Bi Siwatu alijua alichotaka. Alitaka kuuona uso wa mumewe. Neno lilikuwa moja tu, nisubirini, na lilianza kupanda. Midomo yake ikatoa "subi". Ikatoa tena "subi".

Kidani kikasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Msinisubiri, shemeji. Mstirini Maalim wetu."

Mwinjuma alimsifu kwa moyo wake mkubwa, akakata simu. Bi Siwatu akatikisa kichwa, akapiga ubavu wa kitanda kwa mkono wake mzima, akapiga tena na tena mpaka muuguzi akaja mbio. Muuguzi aliona mjane aliyezidiwa na uchungu, akamchoma sindano ya usingizi. Alipoamka, Maalim alikuwa chini ya udongo tangu saa saba mchana.

*

Kwa miezi minane alijaribu kuwaambia. Kila alipojaribu, mneni alilichukua lile neno la kwanza na kulipeleka kule alikozoea. Alitaka kusema, "Sikusema vile." Kidani kilisema, "Sina kinyongo, yameshapita." Alitaka kusema, "Nilidhulumiwa." Kidani kilisema, "Nilidhani nitashindwa, namshukuru Mungu." Akikivua, alibaki na "subi" na "kumi na nne", na watu wakimwonea huruma na kumrudishia kidani shingoni.

Alianza kuelewa lilikotoka jambo lile. Miaka arobaini alikuwa ameandika beti za kuridhika na kunyenyekea, kwa sababu ndivyo wanawake wa rika lake walivyotarajiwa kuandika. Mashine ilimwamini.

Mlango ulifunguka jikoni, siku ambayo hakuna aliyeutafuta. Kidani kilikuwa dirishani kinachajiwa. Hadiya amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na huku anaimba kwa pua yale mahadhi ambayo dada yake alikuwa akighania mashairi redioni. Bi Siwatu, akichambua mchele, akayadaka. Sauti ya kwanza ilikuwa mguno, ya pili ikawa neno, na neno likaja na jirani yake.

Hadiya akasimamisha mkono. "Dada! Umesema!"

Bi Siwatu akafungua kinywa kujibu. "Kumi na nne," akasema, kisha akapiga paja kwa hasira.

"Usiseme. Imba."

Ikawa hivyo. Kusema hakuweza, kughani aliweza, kidogo kidogo, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga mawe. Baadaye waliambiwa kwamba wimbo una chumba chake katika upande wa pili wa ubongo, ule ambao kiharusi hakikuufikia. Siku ile hawakujua. Walijua tu kwamba mchele umemwagika na hakuna aliyeuokota.

Mshororo wa kwanza ulimchukua siku nne.

*Walikuja kuuliza, mume wangu wamzike.*

Hadiya alipousikia mzima, aliweka kifuu chini. Ulipokuja wa tatu, *Kidude kikamaliza, kikasema mkazike*, alikuwa tayari amefunika uso kwa khanga.

"Mimi ndiye niliyeshika simu," alisema. "Nilikuona unapiga kitanda, dada. Nilikuona kwa macho yangu."

Bi Siwatu alimshika kisogo, akamlaza begani. Neno la kumpa hakuwa nalo, na safari hii hakulitafuta.

Mshororo wa pili ndio uliowagombanisha. Bi Siwatu alitaka kuimba kwamba neno lilimteleza, mdomo usifunguke. Kila alipofika pale, ulimi ulimletea kingine.

*Neno likaniteleza, dirisha lisifunguke.*

"Mdomo, dada."

"Dirisha," Bi Siwatu akaghani.

"Mdomo usifunguke. Sema m-do..."

Bi Siwatu akalitazama dirisha la jiko, na kile kidani pale kizingitini. Ugonjwa ulikuwa umempokonya neno na kumwachia lingine mkononi, na hili lingine lilikuwa na mwanga nje na mtu ndani akigonga kioo. Mizani nane zimetimia. Akatikisa kichwa polepole na kughani tena, kwa makusudi, *dirisha lisifunguke*. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alitabasamu kama mshairi aliyepata kitu.

*

Kituo cha Neno, kilichowatengeneza waneni, kilikuwa ghorofa mbili nyeupe nyuma ya hospitali. Mhandisi Evodia Kashaija, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye miwani mizito, aliwakaribisha kwa bashasha. Kituo kilikuwa kimemwalika Bi Siwatu kufungua Tamasha la Malenga mwezi ujao, aghani kwa mneni mbele ya ukumbi mzima, watu waone maradhi yalivyoshindwa.

"Shikamoo mama. Umekuja kwa ajili ya mazoezi?"

Bi Siwatu akavua kidani, akakiweka mezani, akamghania mishororo mitatu. Wa nne ulikuwa bado.

Bashasha ikamtoka Evodia usoni. Hakubisha. Aliuliza tarehe na saa, akafungua kumbukumbu za mneni, akateremka orodha hadi asubuhi ile. Akawageuzia kioo cha kompyuta.

"Njooni karibu," akasema. "Tazameni wenyewe. Alisikia *subi*. Akapima njia mbili. *Msinisubiri*, thelathini na nane kwa mia. *Nisubirini*, thelathini na saba."

"Kwa hiyo hakujua," Hadiya alisema.

"Hakujua."

"Sasa kwa nini alisema?"

Evodia akavua miwani. "Tulipomjaribu mwanzo, alikuwa akikosa uhakika ananyamaza. Familia zikalalamika. Walisema kile kimya kinawatisha, wanadhani mgonjwa amepata kiharusi kingine. Tukaweka kikomo. Sekunde tatu. Zikipita, achukue neno lolote lililo mbele na aseme." Aliangalia chini. "Mimi ndiye niliyeandika hiyo sekunde tatu."

Bi Siwatu aliiona ile mistari miwili kwenye kioo, na tofauti ya moja kwa mia iliyomzika mumewe bila yeye. Alitamani kukiokota kidani na kukipigiza ukutani.

"Nikilipeleka kwa mkurugenzi," Evodia aliendelea, "litafanyiwa kazi kimyakimya, miaka miwili, pengine mitatu. Ukilitoa hadharani, mama, wizara itawasimamisha waneni wote siku hiyohiyo. Una haki. Lakini nchini kuna watu mia sita wanaomvaa."

Mmoja wao alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, akisubiri zamu yake, na mlango ulikuwa wazi. Kheri Mbelwa alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, kijana wa miaka thelathini na nne aliyegongwa na pikipiki. Aliinuka akaja kusimama kizingitini.

"Bi Siwatu, nisamehe, nimesikia," kidani chake kilisema, kwa sauti nzuri ya darasani. "Mimi nina watoto wawili. Kabla ya mneni, yule mdogo alikuwa akinipita sebuleni kama anavyolipita kabati. Sasa ananiuliza maswali. Nakuomba usininyang'anye."

Bi Siwatu alimtazama machoni, maana sauti peke yake haikuwa ushahidi tena. Angejuaje kama ni Kheri anayeomba, au ni mashine inajiombea? Lakini machozi ya kijana yalikuwa yakishuka, na kidani hakina machozi. Akamshika mkono. Hakumwahidi kitu.

Wiki tatu zilizobaki kabla ya tamasha alizipitisha kwenye kiti cha jikoni. Hadiya alisema, "Mwage yote, dada, wajue." Kesho yake akasema, "Au tuache, yule kijana ananitia huruma." Bi Siwatu aligonga kidole mezani, mizani nane, mizani nane, akitafuta. Kunyamaza kungemfanya aendelee kuwa mwanamke aliyesema asingojwe. Kusema kungemrudisha mtoto wa Kheri kumpita baba yake kama kabati. Lazima kulikuwa na mshororo wa katikati, na yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuupata. Mashairi alikuwa ameyaandika miaka arobaini, lakini hakuwa amewahi kuandika moja ambalo lingemgharimu mtu mwingine sauti yake.

*

Tamasha lilifunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani, malenga wazee mbele na kofia zao, wanafunzi nyuma, redio ikirusha moja kwa moja. Evodia alikaa safu ya kwanza kando ya mkurugenzi wake. Kheri alikuwa pembeni. Safu ya tatu alikaa Mwinjuma, aliyevaa kanzu mpya kwa heshima ya shemeji yake.

Bi Siwatu alipanda jukwaani kwa fimbo, mguu wa kulia ukiburuta. Akakiacha kidani kifanye kilichoalikwa kufanya.

*Maradhi kwangu mgeni, yabisha hodi yaenda,*
*Nikayapisha chumbani, yakala nilichopanda,*
*Sina kinyongo moyoni, Mola ndivyo alopenda,*
*Shukurani kwa Manani, jeraha limeshaganda.*

Ukumbi ulilipuka. Vina vimekaa, mizani zimetimia, sauti ya Chiriku imerudi kama hakijatokea kitu. Mkurugenzi alisimama akipiga makofi juu ya kichwa.

Bi Siwatu alingoja makofi yaishe. Kisha akakivua kidani, akakiweka juu ya meza ndogo kando ya bilauri ya maji. Mshereheshaji alidhani kimefunguka kwa bahati mbaya, akaja mbio kumvika. Alimzuia kwa fimbo.

Akaanza kughani. Sauti ilikuwa nyingine. Ilikwaruza, ilipanda vibaya, upande mmoja wa midomo haukufuata mwingine.

*Walikuja kuuliza, mume wangu wamzike,*

Mwinjuma akainua kichwa.

*Neno likaniteleza, dirisha lisifunguke,*

Mzee mmoja wa safu ya mbele akatoa mguno, ule mguno wa mshairi aliyeguswa na neno la mwenzake.

*Kidude kikamaliza, kikasema mkazike,*

Hakuna aliyekohoa. Wote walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba hili si shairi la kubuni. Mkurugenzi alimwinamia Evodia akamnong'oneza kitu, na Evodia hakugeuka.

*Nisu...*

Likakwama.

Zikapita sekunde tatu. Zikapita tano. Watu wa Tanga wamezoea kumsaidia mghani kina kikimpotea, na nyuma ya ukumbi sauti ya mtu ikaita kwa upendo, "Nisumbuke!" Mwingine akaita, "Nisujudu!"

Bi Siwatu akainua kiganja. Hapana.

Wakanyamaza. Hadiya, chini ya jukwaa, alikuwa analijua neno lile na aling'ata ncha ya khanga lisimtoke. Evodia alitazama saa yake ya mkononi: sekunde kumi na moja, ishirini, thelathini na nne. Hakuwa amewahi kuona kimya kirefu namna ile bila mtu kukijaza. Watu mia tisa walikaa na kimya cha mwanamke mmoja, na hakuna aliyeogopa tena. Walimwona akitafuta. Walimwona akifika, akikosa, akirudi nyuma na kujaribu njia nyingine, jasho likimtoka pajini mwa uso.

*Nisubirini.*

Lilitoka zima. Neno la mizani tano mahali panapotaka nane. Mizani tatu zilizobaki hakuzijaza. Alizigonga kwa kidole mezani, moja, mbili, tatu, ukumbi mzima ukazisikia tupu, ndipo akamalizia:

*uso wake niushike.*

Mwinjuma alikuwa amesimama. "Shemeji!" aliita, na sauti ikamkatika. "Wallahi tungekungoja. Hata siku tatu tungekungoja!"

Bi Siwatu alimwitikia kwa kichwa. Alikuwa ameingoja kauli ile miezi tisa. Lakini hakuwa amemaliza. Alimwonyesha akae, akageuza macho hadi alipompata Kheri pembeni, kijana amekishika kidani chake kwa viganja viwili kama mtu anayekinga mshumaa. Akakiokota chake kutoka mezani, akakiinua juu wakione wote, na akaghani ule mshororo ambao wiki tatu alikuwa akiugonga jikoni. Hakukwama hata mara moja.

*Msikitupe kidude, kifundisheni kungoja.*

Alirudia. Mara ya tatu malenga wazee waliudaka, mara ya nne ukumbi wote, wanawake wakapasua vigelegele, na redio ikaupeleka hadi Lushoto na Pangani. Evodia alikuwa amesimama anaimba huku analia. Mkurugenzi wake alibaki ameketi, kisha, kwa kuwa watu wote walimtazama, na pengine kwa kuwa aliguswa, naye akasimama.

*

Wizara ilitaka kufunga. Waliokuwa na hasira walikuwa wengi, na walikuwa na haki. Lakini kila aliyepanda kulalamika alikutana na ule mshororo, uliokuwa umekwisha kuingia midomoni mwa watu na kwenye khanga, na ulisema jambo la pili: msikitupe. Kituo kikapewa siku tisini kurekebisha, na sharti kwamba wanaovaa mneni ndio watakaosema kama amerekebishwa.

Evodia aliwaita. Watu arobaini walikaa naye wiki baada ya wiki, na hakuna mkutano uliowahi kuisha kwa saa iliyopangwa, maana kila mmoja aliachwa amalize. Walifuta sekunde tatu. Wakaamua kwamba mneni asipokuwa na uhakika atoe mlio mdogo kama wa tone la maji, wanaosikiliza wajue mtu bado anatafuta. Na baada ya mlio ule, au pale mtu anapoulizwa akubali au akatae, mneni asiseme lolote mpaka mwenyewe abane vidole viwili.

Kheri aliomba kumbukumbu zake zifunguliwe. Alikuta siku moja mwalimu mkuu alimwuliza kama anakubali kuondolewa darasani na kuwekwa stoo ya vitabu, na mneni wake alijibu, "Nakubali, mkuu, bila shaka." Jumatatu iliyofuata alikwenda ofisini bila kidani. Ilimchukua dakika nzima, ameshika ukingo wa meza. Alisema, "Ha. Ha. Hapana." Muhula mpya ulimkuta darasa la tano, mbele ya ubao, akifundisha sehemu.

Mwinjuma alimpeleka Bi Siwatu makaburini Ijumaa mbili mfululizo, akamwachia nafasi, akakaa mbali. Uso wa mumewe hakuupata, na hakuna aliyejifanya kwamba alipata. Lakini alirudi nyumbani na mshororo wa kwanza wa ubeti mpya, na baada ya huo hazikupita wiki mbili bila ubeti.

Siku ya tisini Evodia alikuja Chumbageni na kidani kipya kwenye kisanduku. Hadiya aliandaa chai na vitumbua. Walimvisha Bi Siwatu, Evodia akawasha, akakaa mbele yake na daftari, kalamu tayari. Alitaka kuandika neno la kwanza litakalotoka.

Mlio mdogo, kama tone. Kisha mwingine. Bi Siwatu alikuwa amemkazia macho Evodia, uso umekunjamana kwa kutafuta. Hadiya alisogea mbele ya kiti. Nje mwenye baiskeli alipita akipiga kengele, akaishia mbali. Tone jingine. Vidole viwili vikabana.

"Evodia," sauti ilisema, "chai yako imepoa. Weka hilo daftari, mwanangu, unywe."

Bi Siwatu akagusa kidani kwa kidole, akashtuka kidogo, kisha akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja kilichokwaruza, maana hicho ndicho hasa alichotaka kusema.